Jiwe Nililoziba kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Leo nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Nimeamua kuandika, maana nikiongea nitatukana, na mimi ni mtu mzima.

Saa nne asubuhi bwana Venant, mkuu wa kitengo chetu, kaja na barua mkononi na tabasamu la mtu anayetaka kukopa. Bustani ya Mawe Matatu, ambayo mimi Felicitas Kokugonza naitunza mwaka wa kumi na mbili sasa, inatakiwa na mwekezaji. Kiwanda cha minofu ya sangara. Wanataka ufuko wote, kuanzia lango la upande wa Igogo mpaka kule Mkuyuni. Miti ikatwe, na yale mawe matatu yapasuliwe yawe kokoto za msingi.

"Mama Queen, hii ni enzi ya soko huria," akaniambia. "Bustani haizalishi kitu."

"Inazalisha pumzi. Wewe mkeo ulimtongozea wapi, kama si hapa kwenye benchi?"

Akaangalia viatu vyake. Ndipo akaniambia kwamba kuna tundu moja la kupitia. Tarehe kumi na tano Desemba atakuja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar. Akikuta mahali hapa pana historia ya kuhifadhiwa, mwekezaji atatafutiwa kiwanja kingine. Asipoikuta, Januari wanaleta uzio, na mtu wa kawaida hatatia mguu hapa tena.

"Historia ipo," nikasema kwa sauti kubwa. "Lipo jiwe la mvua. Mwambie aje."

Mdomo wangu huu! Venant alipoondoka tu nikakumbuka nilichofanya mwaka 1986, nikakaa chini palepale.

Jumanne, 4 Novemba

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisikia.

Jiwe la kati ni kubwa kama lori na limekaa juu ya wenzake wawili. Wasukuma wa zamani walikuwa wanaligonga kwa mawe madogo kuita mvua, likalia kama kengele. Miaka na miaka ya kugonga pale pale ikachimba mashimo, ishirini na saba, kila moja saizi ya bakuli la uji. Ushahidi wenyewe ndiyo hayo mashimo. Bila mashimo ni jiwe tu, na mawe Mwanza tunayo mpaka tunajengea vyoo.

Mwaka 1986 nilikuwa mgeni kazini, na ilikuja kampeni ya malaria: kila dimbwi lifukiwe. Mashimo yale yalikuwa yanatuama maji, na viluwiluwi vya mbu nikaviona kwa macho yangu. Nikanunua saruji, nikakoroga mwenyewe, nikaziba yote ishirini na saba siku moja, nikasawazisha kwa mwiko mpaka yakang'aa. Nikapewa cheti. Kimetundikwa sebuleni mpaka leo, juu ya picha ya harusi.

Nimemuuliza Malimi, mlinzi wetu, kwa nini hakunizuia siku ile.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia lini?"

"Sikukuambia kwa mdomo. Nilikohoa."

Nimetamani kumpiga na fagio.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekuja na patasi na nyundo. Nilipoinua mkono, Malimi akanishika kifundo. Malimi, ambaye hajawahi kunigusa hata kunipa mkono wa Krismasi!

"Jiwe hili halipigwi chuma, mama. Kabisa."

"Nani kasema?"

"Kamuulize bibi Kashindye."

Jamani. Katika watu wote wa mji huu, ni huyo. Bibi Kashindye ni mkubwa wa akina mama wanaokuja pale jiweni alfajiri kuweka mtama na kuomba mambo yao. Kwangu mimi ule ulikuwa uchafu na ushirikina kwenye bustani ya umma. Nimewafukuza si chini ya mara kumi. Mwaka 1991 nilimnyang'anya bibi huyo kibuyu chake nikamwaga mtama ziwani mbele ya wenzake. Alinitazama tu, akafunga kanga yake akaondoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya misa nimepanda Igogo, mawe kwa mawe, na viatu vyangu vya kanisani. Bibi Kashindye nimemkuta uani anapepeta choroko. Nimepiga magoti kama kwetu Bukoba.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Amepepeta ungo mzima wa kwanza, akamimina, akajaza mwingine, na mimi nimepiga magoti kwenye changarawe. Ndipo akasema, "Marahaba. Umekuja kunifukuza na huku?"

Nimemweleza yote. Kiwanda, mtaalamu, saruji. Nilipofika kwenye kile kibuyu nimelia. Sikupanga.

"Ninyi Wahaya mmesoma mpaka mkapitiliza," akasema. "Mbu walikuwa wangapi?"

"Wengi, bibi."

"Na malaria iliisha?"

Yeye akacheka, cheko fupi, halafu akanipa masharti. Saruji niliitia kwa mkono wangu, niitoe kwa mkono wangu. Isiguswe na chuma, jiwe linasugua jiwe, kwa mchanga wa ziwani na maji. Na la tatu akalisema huku kaninyooshea kidole: "Usiligonge. Hata mara moja. Unasikia mvua hii? Linaita mvua lile. Mwaka huu mvua imetosha, ukiliamsha utatuua."

Nimeahidi. Kimoyomoyo nilijiambia mvua inaletwa na Mungu na upepo wa bahari, lakini ahadi ni ahadi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeanza. Saa sita za kusugua, na shimo la kwanza limeshuka nusu kidole. Mikono imevimba. Bahati yangu ni moja: mwaka ule nilibana matumizi, nikaweka mchanga mwingi na saruji kiduchu.

Alhamisi, 13 Novemba

Shimo moja limeisha. Chini ya saruji jiwe ni laini kabisa, kama shavu la mtoto. Nimeingiza kidole nikazungusha na kuzungusha. Nani alianza kulichimba, na mvua ya mwaka gani? Nimeona haya sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua. Mashimo mawili.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Redioni wanasema jina lake Elinino. Malimi anaitaja kama jina la afande mpya: "Elinino hajalala leo."

Jumamosi, 22 Novemba

Mashimo manne. Kwa mwendo huu nitamaliza Pasaka. Queen, binti yangu wa kidato cha pili, ameniona nakunja vidole ndani ya maji ya moto.

"Mama, si utumie tu drili? Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Lakini wewe huamini mambo hayo."

"Queen, mimi nilimwambia mtu ndiyo. Kula wali wako."

Jumatano, 26 Novemba

Leo nimefika nikakuta mtu keshaanza. Malimi, kapiga magoti juu ya jiwe, koti la mvua mgongoni, anasugua. Nikamkumbusha bibi alisema mkono wangu.

"Mimi nilikohoa tu wakati ule," akasema bila kuinua macho. "Na mimi nina sehemu yangu."

Tumefanya kazi mpaka jioni. Miaka kumi na miwili nimemfahamu kama mtu mvivu anayependa kivuli. Sijawahi kumuuliza ana watoto wangapi. Wako saba.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Mashimo tisa.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Ziwa limepanda, limemeza benchi la chini. Magugu maji yamejaa mpaka kwenye lango la wavuvi, huwezi kuona maji.

Jumatatu, 8 Desemba

Mashimo kumi na moja. Bibi Kashindye kaja leo na wenzake watatu wamejifunika mifuko ya nailoni. Wamesimama wametutazama. Mmoja, anaitwa Mhoja, mnene na mwenye sauti, akasema, "Huyu si yule mama wa fagio?"

"Ndiye," akasema bibi.

"Anasugua kama anaosha sufuria ya mkwe."

Wamecheka mpaka wameshikana mabega. Mimi nimewaka. Bibi akainama, akaninyang'anya jiwe la kusugulia, akanionyesha: si kwenda mbele na kurudi, ni kuzungusha, kwa uzito wa bega. Shimo la kumi na mbili limeisha kabla ya adhuhuri. Siku ishirini na nane nimeteseka kwa ujuzi wangu mwenyewe!

Ijumaa, 12 Desemba

Venant kaja. Mtaalamu amekwama, reli imekatwa na mafuriko huko kati. Atakuja reli ikitengenezwa. Mwekezaji kakasirika, anataka jibu kabla ya Februari.

"Na hilo jiwe linalia kweli?" akaniuliza. "Maana mtaalamu atataka kulisikia. Likilia, umeshinda. Likinyamaza, mashimo hata fundi ujenzi anaweza kuchimba."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimelala nalo.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Ndizi na nyama.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Mashimo kumi na tisa. Nimemwambia bibi Kashindye: siku ya mtaalamu naomba mligonge mara moja tu, moja, bustani ipone. Akakataa hata kabla sijamaliza sentensi. Nimembembeleza, nimemwambia kiwanda kikija hamtakuwa na jiwe kabisa. Akasema, "Na jiwe likibaki bila watu, litamfaa nani?"

Nimerudi nyumbani nimemkasirikia. Mkaidi kama punda.

Jumamosi, 10 Januari

Usiku wa kuamkia leo kilima kimeteremka Igogo. Nyumba tatu. Jiwe kubwa lilibebwa na tope likapita katikati ya nyumba ya Mhoja, yule mwenye kucheka. Mhoja na watoto walikuwa wamelala kwa dada yake kwa kuogopa mvua, wamepona. Mume wake alibaki kulinda vitu. Tumemzika saa kumi, na kaburi lilikuwa linajaa maji, tunayachota kwa ndoo huku padre anasoma.

Mhoja hakulia. Aliuliza swali moja tu, akitutazama wote mmoja mmoja: "Kuna mtu ameligonga?"

Macho yakaja kwangu. Yote. Nilijua sijaligonga, na bado nilirudi nyuma hatua moja.

"Hajaligonga," bibi Kashindye akasema. "Huyu alisema ndiyo."

Mimi ni mtu wa shule. Najua tope linateremka kwa sababu miti ya kilimani imekatwa. Lakini leo nimeelewa kwamba ningeligonga, hata mara moja, hata peke yangu, mwanamke yule angeamini maisha yake yote kwamba mumewe aliuawa na mtunza bustani. Sitaomba tena ligongwe.

Jumanne, 20 Januari

Mashimo ishirini na sita. Akina mama sasa wanakuja kila siku, watano, sita, wanasugua na mimi. Bibi haulizi tena habari za mkono wa nani. Wananifundisha majina ya ndege wa kwenye matete, na mimi nawasomea magazeti. Mhoja kaja leo kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kakaa pembeni, kajifunika, anatazama ziwa. Tumemwacha atazame.

Jumamosi, 24 Januari

Simu imekuja. Mtaalamu atakuja Alhamisi kwa ndege. Anaitwa bwana Nathaniel.

Jumatano, 28 Januari

Nimefika alfajiri peke yangu. Kulikuwa hakuna mtu, hata Malimi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakukuwa na mvua. Nikaokota jiwe la mviringo, linajaa kiganjani vizuri. Nikapanda. Nikasimama juu ya shimo kubwa kuliko yote na mkono juu. Ningejua tu kama linalia! Kama halilii, kesho naumbuka mbele ya watu wote. Kama linalia, nitakuwa na nguvu ya kubisha.

Nimesimama hivyo mpaka bega likauma. Halafu nimeshuka, nikatupa lile jiwe ziwani, mbali, kwenye magugu.

Alhamisi, 29 Januari

Nitaandika yote.

Saa tatu wamekuja kwa gari la ofisi: Venant, bwana Nathaniel, na kijana wa mwekezaji mwenye tai. Mvua ya rasharasha. Bwana Nathaniel ni mwembamba, miwani, suruali imepandishwa juu ya viatu vya mpira. Kapanda jiwe bila kusaidiwa. Kapima kila shimo, kaandika, kaingiza vidole kama nilivyoingiza mimi. Halafu akasema, "Safi. Sasa tulisikie."

"Haligongwi," nikasema.

"Samahani?"

"Haligongwi msimu huu, mzee. Mvua imezidi. Karibu kiangazi."

Kijana wa tai akacheka kwa pua. Venant akanivuta pembeni, uso umemjaa jasho. "Mama Queen, una wazimu? Mara moja tu! Kazi yako, bustani yako, yote iko hapo!"

"Najua iko wapi."

Basi Venant, na nadhani kweli alitaka kunisaidia, akaenda kwenye gari akarudi na spana ya kufungulia tairi. Ya chuma. Akaanza kupanda. Mimi nikakimbia nikasimama mbele yake, na nyuma yangu nikasikia kishindo cha miguu. Akina mama. Walikuwa wamejikinga mvua chini ya mti wa lango tangu asubuhi, nilidhani wamekuja kutazama tu. Bibi Kashindye kapanda jiwe kwa magoti na mikono, na umri wake ule, akaketi juu ya shimo kubwa. Mhoja akaketi la pili. Wakaja wengine, akina mama wa Igogo yote nadhani, waliokosa nafasi juu wakalizunguka chini, wamegusana mabega. Hakuna aliyepiga kelele. Malimi alikuwa amesimama katikati yao na kirungu chake, yeye ndiye mwanamume peke yake.

"Utampiga nani kwanza?" Mhoja akamuuliza Venant. "Anza na mimi. Mimi nimeshazika."

Venant akashusha spana.

Bwana Nathaniel akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachuchumaa mbele ya bibi Kashindye akamwamkia, akamwuliza nani alimfundisha. Mama yake. Na yule? Mama yake. Akaandika majina kurudi nyuma mpaka bibi akaishiwa. Walizungumza karibu saa nzima huku mvua inatunyeshea wote. Halafu akamgeukia kijana wa tai. "Nimekagua mawe kama haya sehemu nyingi. Watu hunigongea bila shida, wananipigia hata nyimbo, kwa sababu hawaliogopi tena. Hili ni la kwanza nimekatazwa. Hili bado liko kazini."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini alikuwa hajamaliza. Shimo la ishirini na saba, lenye saruji ngumu kuliko mengine, hatukuwahi kulimaliza, na yeye alikuwa ameliona. Akakwangua kwa ukucha, akanionyesha vumbi la kijivu.

"Saruji hii aliitia nani?"

Venant akawahi. "Ni marehemu Projest, mzee, mtunzaji wa zamani. Mungu amrehemu." Akanikonyeza nimwitikie.

Projest alikuwa mtu mwema, na amekwisha kufa, asingejitetea. Neno moja lingetosha. Hata kukohoa kungetosha.

"Ni mimi," nikasema. "Felicitas Kokugonza. Mwaka 1986. Yote ishirini na saba."

Akanitazama kidogo, akaandika.

Jumatatu, 9 Februari

Mvua.

Jumamosi, 28 Februari

Mvua. Hakuna barua. Nimekitoa kile cheti ukutani. Queen kauliza niweke nini pale, nikamwambia pakae hivyohivyo.

Ijumaa, 27 Machi

Barua mbili, bahasha moja.

Ya kwanza: Bustani ya Mawe Matatu haitakodishwa. Imependekezwa kuwa kumbukumbu ya kale, ufuko na lango vibaki wazi kwa umma. Mwekezaji kapewa kiwanja kwingine.

Ya pili: kwa kuwa imethibitika kwa maneno yake mwenyewe kwamba mtunzaji aliharibu kumbukumbu hiyo, hafai kuendelea kuisimamia. Nimehamishiwa kusimamia usafi wa soko Mkuyuni, kuanzia tarehe mosi.

Venant aliisoma kwa sauti, akashindwa kumaliza. "Ungesema Projest," akanong'ona. "Kwa nini hukusema Projest?"

Nikamwambia akae anywe chai. Nimelia alipoondoka, nimelia sana, sikatai. Halafu nikanawa uso, nikaenda kumalizia shimo la ishirini na saba. Limeisha saa kumi na moja jioni.

Jumanne, 14 Aprili

Soko lina panya wakubwa kuliko paka. Nimeanza nao.

Jumapili, 7 Juni

Siku tisa bila mvua. Anga ni bluu tupu.

Nimeingia bustanini leo kwa mara ya kwanza tangu nihamishwe, kwa lango la Igogo, na Queen na kikapu cha chakula, kama mtu yeyote. Palijaa. Watoto wanateleza kwenye mawe, vijana na redio yao, wazee wa Kihaya waliovaa suti kuja kukaa kwenye nyasi tu. Akina mama walikuwa chini ya jiwe lao mchana kweupe, hakuna anayewafukuza, wanakula viazi. Mhoja alikuwa anamtania Malimi habari za kirungu chake. Bibi Kashindye aliniona kwa mbali, akasogeza kanga yake kuniachia nafasi.

Mtunzaji mpya, binti anaitwa Winnie, alikuja mbio akanishika mikono. "Shikamoo mama. Tafadhali niambie, kuna kitu cha kurekebisha?"

Niliona makosa saba kabla hajamaliza kuuliza. Mapipa ya taka yako upande wa upepo. Waya wa lango umelegea. Yule mtoto pale anakojolea maua.

"Hakuna, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nimekuja kupumzika."

Nikavua viatu, nikalala chali. Miaka kumi na miwili nilizifyeka nyasi zile, nilizimwagilia, niliwagombeza watu juu yake, na sikuwahi kuzilalia. Zina unyevu kidogo bado. Nimelala mpaka Queen aliponiamsha kuniambia chai inapoa.